Ukiyaona Maji ya Ziwa

Tulimwacha Bwana Suleiman Athmani na mdomo wazi. Ungali wazi hadi sasa. Na hata akiufunga utamfaa nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Msomaji uliyelikosa gazeti, usihangaike. Mji ni Ziyani, juu ya vilima vya Kwale, na hapo iko hoteli waliyoijenga wazungu kando ya ziwa. Kiangazi huja wageni kwa motokari, wakavaa viatu vya misumari, wakashika fimbo, wakaenda msituni kwa miguu nusu ya siku, kisha wakarudi palepale walipoondokea. Kuni hawakuleta, maji hawakuteka, mgonjwa hawakumzuru. Wenyewe huita hayo mapumziko.

Sasa ni masika. Hoteli ni tupu, mwenyewe amekwenda Ulaya, na ukungu umelala mpaka mlangoni. Ndio wakati aliouchagua Suleiman kumleta mkewe. Msimu wa wageni hakuthubutu, maana alichelea wazungu wasije wakamwagiza chai. Akangoja waondoke wote, ndipo akaja kuwa bwana mkubwa wa viti vitupu.

Mtu huyu Uhuru ulimpa kiti cha mzungu ofisini. Na kiti hicho alikirithi pamoja na kiko, koti refu la mvua, na tabia ya kumwita kila mtu "wewe".

Mkewe, Mwanasha, ni mtoto wa Waa. Mamaye yuko kitandani Waa, hajiwezi, na Suleiman amekataza asiende kumwuguza. Ameomba talaka mwaka mzima. Jibu ni lilelile: "Sikuachi wala sikai nawe. Nitakuanika kambani mpaka upauke." Akamwitia na Maalim Haji kutoka Msambweni, aje amfunze utiifu. Maalim akaja, akafunza kidogo, akala sana.

Basi mchana huo wa Alhamisi, mezani, Mwanasha akasimama akasema, "Nimeletwa ziwani nikafungiwa chumbani. Leo natoka nikalitazame ziwa." Na Suleiman akapiga meza kwa kiganja, akapayuka:

"Wallahi, ukiyaona maji ya ziwa lile leo, huna mume! Talaka tatu!"

Hapo ndipo tulipowaacha.

 

"Maalim," akasema Mwanasha polepole, "umesikia?"

Maalim Haji alikuwa na paja la kuku kinywani. "Nilikuwa natafuna, mwanangu."

"Unatafuna kwa masikio?"

Mbodze, mpishi wa hoteli, aliyekuwa amesimama na bakuli la mchuzi, akajifunika mdomo kwa leso.

"Nilifanya mzaha," akasema Suleiman.

"Talaka haina mzaha, bwana," akajibu Maalim.

Maskini! Hakukusudia. Neno lilimtoka kama linavyomtoka kasuku, kwa vile amewakaririsha watoto wa chuoni tangu ndevu zake nyeusi. Alipoliona jicho la Suleiman akatamani kulimeza pamoja na mfupa.

"Basi nimelifuta."

"Talaka si chaki."

"Wewe Maalim, nimekuleta unisaidie au unizike? Huyu ni mke wangu au si mke wangu?"

"Ni mkeo," akasema Maalim. Akapangusa vidole. "Mpaka ayaone maji."

Wote wakageuza shingo dirishani.

Mzungu aliyeijenga hoteli ile alikuwa na wazimu wa kutazama maji. Kila dirisha aliliweka upande wa ziwa: la chumba cha kulia, la chumba cha kulala, hata la choo. Lakini leo ukungu ulikuwa umening'inia mbele yake kama shuka chafu. Kwa mara ya kwanza tangu afike Ziyani, Suleiman aliupenda ukungu.

Mwanasha akanyosha mkono. Akalishika jagi la maji lililokuwa katikati ya meza.

"Dada Mbodze," akauliza, "maji haya mmeyateka wapi?"

Suleiman akaruka, akalifunika jagi kwa kitambaa chake cha mezani. Amechelewa! Mchana kutwa mkewe amekaa mbele ya jagi hilo!

"Hukusema ukiliona ziwa, mume wangu," akasema Mwanasha kwa furaha. "Umesema ukiyaona maji ya ziwa. Maalim?"

"Hayo ni kweli," akanong'ona Maalim. "Kama ni ya ziwani, basi imekwisha."

"Dada Mbodze! Sema!"

Mbodze akaliweka bakuli chini. "Kiangazi tunateka ziwani, dada. Lakini masika kama haya, nani ateremke? Tunakinga ya paa."

"Hata tone?"

"Hata tone. Ningekudanganya, ila huyu mwenye ndevu angeniapisha."

Suleiman akacheka mpaka kiko kikaanguka. Akajimiminia bilauri nzima, akayanywa maji ya paa kama mtu anywaye sharubati ya harusini.

"Nitakulinda," akamwambia mkewe. "Nitakulinda mpaka saa sita za usiku, leo iishe, kisha tutaona nani mume hapa."

"Kwa nini saa sita?" Maalim akashangaa. "Leo inaisha magharibi, bwana. Jua likitua ni usiku wa Ijumaa."

Suleiman akamkodolea macho. Msomaji, umkumbuke mtu huyu! Ndiye aliyewacheka wazee wa Diani kwa kuhesabu saa za Kiswahili, akasema ni watu wasiojua siku inaanza wapi. Ndiye ambaye saa yake ya mkononi husoma Kizungu hata akiwa usingizini. Sasa alimshika Maalim mabega akambusu kichwa.

"Nilisema mimi! Dini yetu ni ya huruma!"

Akamkamata mkewe mkono, akamkokota hadi chumba pekee kisicho na dirisha: stoo ya viatu na fimbo za wageni. Akamsukuma ndani, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. Akavuta kiti akakaa mlangoni, mguu juu ya mguu.

Mwanamume mkubwa! Serikali imempa kiti, naye amepata mahali pa kukiweka: mlango wa stoo.

Ila kuna jambo moja asilolijua. Hajapata kuingia jikoni tangu azaliwe. Na mtu asiyeingia jikoni hajui kwamba stoo ina mlango wa pili, wa kutokea uani kwa jikoni.

*

Mwanasha alitoka pekupeku. Buibui amelifunga kiunoni, leso kichwani. Mbele yake hakuona kitu ila weupe. Palikuwa na ubao wa wageni umeandikwa kwa rangi: njia ya mawe mekundu, njia ya mawe meupe, njia ya mawe ya buluu. Hakuusoma. Miguuni pake maji ya mvua yalikuwa yakichuruzika kwenye mtaro, yakiteremka kwa haraka.

Yanakwenda wapi? Maji hayana pa kwenda ila kwenye maji wenziwe. Akayafuata.

Huku nyuma Suleiman alichoshwa na kimya cha stoo. "Umelala?" Hapana jibu. "Nakuuliza umelala?" Akafungua. Akakutana na fimbo, viatu, na mlango wa pili uko wazi, unapepea.

Ukelele alioutoa haukuwa wa Kiingereza.

"Maalim! Simama! Tunamkosa!"

Walipofika kwenye ubao, Suleiman akausoma kwa fahari, maana kusoma ndiko alikokuwa nako. "Mawe meupe, ziwani. Nifuate."

Wakaingia njia ya mawe meupe. Ikapanda. Ikazunguka mti. Ikafika benchi la kukaa kutazama mandhari, na mandhari ni ukungu. Ikateremka kidogo, ikajuta, ikapanda tena.

"Bwana," akahema Maalim, "benchi hili tumelipita."

"Ni jingine hilo."

"Mbona kiatu changu kipo hapa?"

Suleiman akatazama. Kweli, ndara ya Maalim ilikuwa imekaa chini ya benchi, inawangoja. Na ingekuwaje? Njia zile walizichonga watu waliokuwa na siku nzima ya kupoteza. Hazikuchongwa kufikisha mtu. Zilichongwa kumcheleweshea mtu chakula chake cha usiku, apate kukisifu.

"Wazungu hawa washenzi," akasema Suleiman. Ni mara ya kwanza nimesikia anawasema vibaya.

Akaiacha njia, Maalim mbio nyuma yake hata ndara asiiokote. Akakanyaga ukingo. Udongo mwekundu wa masika haujui cheo: ukamvuta miguu yote miwili, akakaa chini kwa kishindo, na kutoka hapo hakusimama tena. Alikwenda. Alipita vichaka, akapita mizizi, kiko kikaenda zake, kofia ikaenda zake.

Hakufika ziwani kwa akili. Alifika kwa matako.

Mwanasha alikuwa amefika kwenye matete. Vyura walikuwa wakilia mbele yake, karibu kabisa. Aliyapanua matete ya kwanza kwa mikono, akaona matete mengine na ukungu ndani yake. Akatia mguu. Baridi! Maji yalimpanda hadi kifundoni, chini ya manyasi mazito yanayoelea. Akainama ayafunue.

Giza.

Koti la mvua lilikuwa limemwangukia kichwani, na mikono miwili ikalikaza kiunoni.

"Umeona?" Suleiman alikuwa akihema kama punda wa chokaa. "Sema! Umeona?"

"Nimekanyaga!"

"Kukanyaga si kuona! Maalim! Kukanyaga ni kuona?"

Kutoka juu, katikati ya ukungu, ikateremka sauti ya mtu mwenye ndara moja: "Kuona ni kwa jicho!"

"Apa," akasema Suleiman. "Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba umeyaona."

Na hapa, msomaji, ningalikuwa mimi ningaliapa mara saba. Nani angejua? Koti lilimshukia wakati anainama. Kope moja tu ilitosha. Neno moja, naye angelala Waa usiku huo miguuni mwa mamaye.

 

"Sijayaona," akasema Mwanasha ndani ya koti.

"Ehe!"

"Usishangilie. Sikukuonea huruma wewe. Ila sitaki nitoke kwako kwa uongo, nikawa haramu kwa kila atakayenioa. Nikitoka, nitoke safi."

Mwanamume mwenye haya angaliliondoa koti lile papo hapo. Suleiman aliongeza mshipi. Akamtupa mkewe begani kama kuku anayepelekwa mnadani, akaanza kupanda. Kwa ajili yake nimelazimika kutunga ubeti huu, nao ni zawadi, asinishukuru:

*Kiko kinywani ni moshi, moyoni hakuna moto,*
*Koti refu halitoshi, kumpa utu mtoto,*
*Mkeo si mtumishi, wala ng'ombe wa mapato,*
*Neno likitoka bishi, halirudi kwa mvuto.*

*

Wakamkalisha kwenye kiti katika chumba cha kulia, koti kichwani, mshipi kiunoni. Mbodze akaja na chai. Akatazama.

"Bwana mkubwa, huyu atakunywaje?"

"Atakunywa leo ikiisha."

"Ataiva humo. Joto hilo hata muhogo hauliwezi."

"Rudi jikoni!"

Wakangoja. Mguu wa Suleiman ulikuwa umevimba. Suruali imechanika pale pasipotajika. Kila kitambo alikwenda dirishani akautazama ukungu, akarudi. Ukungu ni mwema, lakini hauna ahadi. Upepo ukigeuka tu, umekwenda. Na huyu mwanamke, kwa namna alivyokaa kimya, ilikuwa dhahiri kwamba anangoja upepo.

Akamvuta Maalim pembeni.

"Adhini."

"Bado, bwana. Magharibi bado."

"Nani ajuaye? Jua unaliona?"

"Silioni. Lakini bado."

"Maalim," akasema Suleiman, na sauti yake ikalainika kama samli, "yule mwanao bado anatafuta kazi?"

Maalim akatazama ndara yake moja.

"Pale ofisini kwangu pana meza tupu. Nilikuwa nafikiri ni nani nimweke."

Miguu ya mtu huondoka polepole akiwa anakwenda mahali pabaya. Maalim Haji akatoka barazani. Akaziba masikio kwa vidole, labda asijisikie. Akaadhini magharibi. Sauti yake ni nzuri, sitamdhulumu. Ilitambaa juu ya ukungu kama si ya mwongo.

Mbodze akatoa kichwa jikoni. "Mbona kuku wangu wangali wanaparua uani? Magharibi gani isiyowaingiza kuku kizimbani?"

"Kuku ni makafiri," akasema Suleiman.

Akamwendea mkewe. Sasa alikuwa amerudi kuwa mtu mkubwa. Akamwinua, akamtoa nje mpaka ukingo wa baraza, akamwelekeza kule chini liliko ziwa.

"Ulitaka kutazama? Leo imekwisha, bibi. Leo imekwisha na wewe ni mke wangu. Haya, tazama ziwa lako mpaka ushibe!"

Akafungua mshipi, akalivuta koti kwa madaha, kama mtu anayefunua jiwe la msingi.

Mbele yao palikuwa na ukungu tu. Suleiman akacheka. Mwanasha, jasho likimtiririka, nywele zimemganda usoni, akaangalia ukungu ule bila kupepesa. Machozi yakamjaa, lakini hakuyaacha yaanguke.

Ndipo kukavuma kitu kutoka upande wa baharini. Kwanza kilitikisa majani ya migomba ya Mbodze. Kisha kikaugusa ukungu, na ukungu ukachanika katikati, taratibu, toka juu mpaka chini.

Maji.

Maji mapana, yametulia, yana rangi ya shaba. Na juu yake, upande wa machweo, juu ya mgongo wa kilima, jua. Jua zima, halijapungua hata ukucha. Lilikuwa limebakiza kimo cha mnazi kutua.



"Alhamdulillahi," akasema Mwanasha.

"Hilo si jua," akasema Suleiman.

"Ni nini basi, bwana mkubwa?" akauliza Mbodze mlangoni. "Taa ya motokari?"

Suleiman akageuka, na uso wake haukuwa tena wa kuchekwa. Mtu mpumbavu akibanwa huacha upumbavu, akashika ubaya.

"Nani aliyeona?" akauliza kwa upole. "Huyu mpishi? Si Mwislamu, na kadhi hatamsikiliza. Wewe? Wewe ndiye mdai. Amebaki shahidi mmoja. Maalim Haji, uliadhini, hukuadhini?"

"Niliadhini," akajibu Maalim, macho chini.

"Adhana ya nini?"

"Ya magharibi."

"Na nilimfunua kabla, au baada?"

"Baada."

"Basi magharibi ilikwisha kuingia. Hilo jua ni la kesho."

La kesho! Nimeishi, nimeona wenye vyeo wakigawa mashamba na kugawa kazi. Sijapata kuona mtu anayegawa jua.

Mwanasha hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na mkeka wa Maalim, akautandika barazani kuelekea kibla. Akaunyosha pembe kwa mguu. Akajitanda leso yake vizuri.

"Baba Maalim," akasema, "umeadhini magharibi, na magharibi haina muda. Simama utuswalishe. Rakaa tatu, kwa sauti. Mimi nitasimama nyuma yako."

Maalim akarudi hatua moja.

"Ukishatoa takbira, na jua lile linakutazama, mimi nitainama, nitasujudu, nikitoa salamu nitaingia chumbani kwa mtu huyu. Hamtanisikia tena kudai talaka, si Msambweni wala kwa kadhi. Mama yangu atakufa bila mimi, nami nitasema ni Mungu aliyekubali swala yako."

Akazunguka, akasimama nyuma ya mkeka.

"Na kama huwezi, sema neno moja tu. Sema bado ni leo."

"Swali, Maalim!" akafoka Suleiman. "Mbona umesimama? Swali! Meza inamngoja mwanao!"

Maalim Haji akavua ndara yake moja. Akapanda mkekani. Jua likampiga shavu la kushoto, likamwingia mpaka ndani ya ndevu, na kivuli chake kikalala kirefu juu ya mbao za baraza hadi miguuni mwa Mbodze. Nyuma yake Mwanasha alikwisha kupanga miguu, amekunja mikono kifuani, ameinamisha kichwa.

Maalim akatazama ziwa. Akamtazama Suleiman. Akatazama kibla.

Mikono yake ikapanda, ikafika masikioni. Midomo ikafunguka.

"Allahu..."

Hapa tunawaacha, msomaji, hadi gazeti lijalo.